Stendi ya waya ya kuwekea ramani: ipi ununue Nairobi, na ipi uiache dukani

Ofisi ya msanifu majengo au ya mpima ardhi haikosi ramani zilizoegemezwa pembeni mwa kabati, ncha zimefumuka na sehemu ya chini imelowa maji ya deki. Stendi ya waya yenye magurudumu inatatua hilo. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huuliza kwanza ina matundu mangapi, 12, 20 au 24, na ndiyo maana malalamiko yao hufanana: ramani zinapinda, stendi inalala ubavu, gurudumu limevunjika mwezi wa pili. Anza na urefu wa karatasi, fuata magurudumu, idadi ya matundu ije mwisho.

Karatasi ya michoro ya A0 ni milimita 841 kwa 1189, na ya A1 ni 594 kwa 841. Upande mrefu wa A1 ndio upande mfupi wa A0. Ukiviringisha zote mbili zisimame kwa urefu wa 841, stendi moja inazitosha, na hakuna ya A1 itakayozama tunduni hadi uivue kwa vidole viwili. Kwa urefu huo, wavu wa juu, ule wenye matundu ya kuingizia ramani, uwe kama milimita 600 kutoka sakafu ya stendi. Zipo stendi za dukani zenye wavu wa juu kwenye 350 au 400. Hapo zaidi ya nusu ya ramani inabaki hewani, na baada ya wiki kadhaa inapinda shingo kama mgomba uliozidiwa na mkungu.

Upana wa tundu ni hesabu nyepesi. Seti ya karatasi 30 za A0, ikiviringishwa vizuri na kuachiwa uwazi wa milimita 50 katikati, inafikia unene wa milimita 85 hivi. Ikilegea kidogo inakaribia 100. Basi tundu la milimita 100 kwa 100 linafaa. Tundu la 75 litakulazimisha kuisukuma ramani kwa nguvu, na karatasi ya nje ndiyo itakayochanika.

Chaguo la kwanza: ya kutengenezesha kwa fundi wa jua kali. Kamukunji na Kariobangi wako mafundi wa kutosha wa kazi hii, ila usiende na picha ya simu peke yake. Nenda na vipimo. Kwa matundu 20 (matano kwa manne) unahitaji mabomba mawili ya mraba ya milimita 25, yenye urefu wa mita 6 kila moja. Fremu tatu, ya chini, ya kati na ya juu, pamoja na miguu minne ya milimita 600, hula kama mita 8.4. Bomba liwe geji 16. Geji 18 ni nyembamba zaidi, na ni rahisi kutoboka fundi akiichomelea kwa haraka. Kwa nyavu mbili, ya juu na ya kati, ongeza nondo laini ya milimita 6, kama mita 6.5.

Hapo kwenye nyavu ndipo fundi hupenda kupunguza kazi. Atakuletea kipande cha BRC, wavu wa chuma wa kuimarisha zege, kilichobaki mjengo fulani. Kikatae. BRC ya aina ya A142 ina miraba ya milimita 200, kwa hiyo ramani nne zitaanguka tundu moja na kulaliana. Nondo zikatwe na kuchomelewa moja moja kila milimita 100. Sakafu nayo isiwe ya waya, kwa sababu ramani nzito ikisimama juu ya waya, ncha yake inapata alama ya kukatwa. Weka bati laini au plaiwudi ya milimita 9.

Kabla ya rangi, chukua soksi ya nailoni au kitambaa laini ukipitishe kila tundu, juu na kati. Kikinasa popote, hapo pana mabaki ya kuchomelea, na grainda irudi kazini. Dakika tano hizo zitakuokolea seti nzima ya michoro. Rangi ya poda inadumu kuliko ya brashi. Ikiwa ni ya brashi, chuma kipigwe msasa na praima kwanza, kisha ikauke siku kadhaa kabla ya kuweka karatasi, la sivyo ramani zitagandamana na waya.

Sasa magurudumu. Karatasi ya A0 ya gramu 80 kwa mita mraba ina uzito wa gramu 80, kwa kuwa A0 ni kama mita mraba moja. Seti ya 30 ni kilo 2.4, na matundu 20 yakijaa ni kilo 48. Stendi yenyewe ni kilo 13 hivi. Jumla inakaribia kilo 61. Usigawanye kwa nne, gawanya kwa tatu, kwa sababu sakafu ikiwa na bonde gurudumu moja huning'inia. Hiyo ni kilo 20 kwa kila gurudumu, nayo ikipanda kizingiti inapata kishindo. Nunua yanayobeba kilo 40 au zaidi, ya kipenyo cha milimita 75, yenye mpira, mawili yawe na breki. Yale madogo ya plastiki ya milimita 40 hunasa kwenye maungio ya vigae.

Usikubali gurudumu lichomelewe moja kwa moja kwenye mguu. Moto huyeyusha grisi ya beringi na kuharibu mpira, na likifa itabidi ukate chuma kulibadilisha. Chagua lenye pleti ya matundu manne, lifungwe kwa bolti na nati. Lipa malipo ya mwisho baada ya kuisukuma stendi ikiwa imejaa juu ya kizingiti cha mlango wa karakana, siyo kabla.

La pili: ya waya iliyotengenezwa kiwandani, inayouzwa kwenye katoni na kuunganishwa kwa bolti. Inapendeza, ni nyepesi, na inaingia lifti yoyote ya mjini. Inafaa ofisi yenye A1 nyingi na A0 chache. Kasoro yake ni bolti kulegea kila inaposukumwa. Weka nati za kujikaza zenye plastiki ndani. Uliza pia kama gurudumu lake linapatikana peke yake, na upime unene wa skrubu yake, milimita 8 au 10. Kama upande mwembamba wa kitako haufiki milimita 400, iache. Itaanguka siku utakapoivuta kwa kuishika juu.

La tatu: mabomba ya plastiki ya milimita 110 yaliyolazwa ndani ya fremu. Bomba la mita 6 linatoa vipande sita vya mita moja. Yanazuia vumbi kuliko waya wowote, lakini huoni kilichomo bila kibandiko mdomoni. Ni kwa miradi iliyokwisha, siyo ya kufungua kila siku.

La nne: sanduku la mbao. Likiwa la MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, usilinunue. Deki ya mwezi mmoja inatosha kulivimbisha. La plaiwudi ni zuri ila zito, na mchwa wanalijua.

Ndoo na vikapu vya nguo havimo kwenye orodha.

Stendi yoyote utakayochagua, iweke mbali na dirisha, hasa ukiwa na nakala za zamani za rangi ya buluu, ambazo hufifia kwa mwanga. Viringisha maandishi yakiwa nje, ili ukiifungua ramani mezani ncha zilalie meza badala ya kukurukia usoni. Funga kwa utepe wa kitambaa au ukanda wa karatasi. Raba bendi huyeyuka na kuacha gundi. Hati asili za mipaka ya kiwanja hazikai kwenye stendi hata kidogo. Zilazwe bapa kwenye droo inayofungwa kwa ufunguo, stendini ubaki na nakala.