Maji ya bafuni kurudi chooni: mfumo niliofungiwa Tabata

Nawaandikia hasa wenzangu wenye nyumba za kupangisha, maana mgao ukianza sisi ndio tunaotafutwa kugharamia boza. Mfumo nilioufunga hapa Tabata Segerea, Dar es Salaam, unachukua maji ya kuogea na kufulia, unayachuja, kisha unayapeleka kwenye vyoo vya kuflashi na kwenye migomba nyuma ya nyumba. Umeshapita masika na kiangazi. Ningeanza upya ningeufunga tena, ila mafundi ningewabana zaidi.

Maji yanaingia kwanza kwenye pipa la kutulizia, nywele na mapovu yanabaki hapo. Pipa la pili lina kokoto chini na mchanga juu. Yakishapita yanakusanyika kwenye simtanki la lita 1,000, na mota ndogo inayapandisha kwenye tangi la vyoo peke yake. Maji ya jikoni hayaruhusiwi kabisa, kwa sababu mafuta yanaziba mchanga. Ya chooni yanakwenda karo kama zamani.

Flashi moja inakula lita sita mpaka tisa. Kwangu zilikuwa lita za maji safi, yaliyotibiwa Ruvu na kusukumwa kilomita zote zile hadi Segerea, yanaishia kuondoa mkojo. Hilo lilikuwa linaniuma kweli. Sehemu kubwa ya jiji hili inakunywa kutoka mto mmoja, huo Ruvu, na Oktoba 2022 kina chake kiliposhuka tuliona wenyewe ndoo zilivyopangwa foleni. Bwawa la Kidunda linalojengwa Morogoro, la lita bilioni 190, nalisubiri kwa hamu kama kila mtu. Lakini maji yanayomwagika bafuni kwangu yapo leo.

Faida nyingine mafundi hawakuniambia, nimeigundua mwenyewe: karo halijai haraka. Maji ya kuogea zamani yalikuwa yanaingia humo yote; sasa mengine yanaishia kwenye migomba, na yanayoingia yameshafanya kazi mara mbili. Gari la maji taka silioni mara kwa mara.

Sasa lawama. Bomba la bustani waliliacha bila alama yoyote, na nyumba hii ina watoto. Nimelipaka rangi ya zambarau, rangi wanayotumia Marekani kwa mabomba ya maji yaliyorudishwa matumizini, na kuandika kwa herufi kubwa SI YA KUNYWA. Hiyo ilikuwa kazi yao. Pia hawakueleza kwamba maji haya hayafai kulazwa. Yakipitisha siku moja yanaanza kunuka. Sikukuu ya Idi wapangaji walisafiri, harufu ikafika kwa jirani. Siku hizi nyumba ikibaki tupu nafungua valvu yote yaende kwenye migomba. Jiki nimewaomba wapangaji wamwage chooni moja kwa moja, kwani inaua mimea, na mchicha siumwagilii maji haya hata kidogo.

Gharama ndiyo iliyonichosha. Fedha nyingi haikwenda kwenye mapipa wala mota, ilikwenda kuvunja sakafu ya bafu ili kutenganisha mabomba yaliyounganishwa tangu nyumba inajengwa. Ndiyo maana naona jambo hili halitaenda mbali likiachwa kwa mwenye nyumba mmoja mmoja. Ghorofa zinaota Sinza, Kijitonyama na Mbezi kila mwezi. Kibali cha ujenzi kikidai bomba la bafu litengwe na la choo tangu kwenye ramani, nyongeza ni bomba tu na kona chache. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nchi kame, unasafisha maji taka mpaka yanyweke tangu 1968. Mimi siombi kufika huko. Naomba wanaopitisha ramani za majengo hapa Dar waanze na maji ya kuflashia.

Ukiita fundi, kabla ya kutoa malipo ya awali mwambie akuonyeshe penye valvu ya kurudisha maji safi chooni umeme ukikatika. Kwangu haikuwepo, niliidai baadaye na kuilipia kando. Mchanga nao muulize unaoshwaje na nani. Wangu tunauosha wenyewe, ni kazi ya asubuhi moja, chafu lakini nyepesi.