Mto wa U kwa mjamzito aliyechoka: unafaa, ila si kwa kila kitanda

Mto wa U, ule mrefu wa kulalia wenye umbo la herufi U unaomzunguka mjamzito mbele na nyuma, huuzwa kama mto wa usiku. Tathmini hii inautazama kwa kazi nyingine: siku moja ya katikati ya wiki ambayo mjamzito mwenye ajira amechoka, amebaki nyumbani, na anataka kulala mchana saa mbili mfululizo bila kuamshwa na nyonga, kiungulia wala joto.

Mwenye kitanda cha tano kwa sita au sita kwa sita anunue, hasa kuanzia mwezi wa sita wa ujauzito. Mwenye nne kwa sita aache, aende kwa fundi cherehani akashonewe mto mrefu ulionyooka.

Wapo wanaoamini mjamzito anayelala mchana anadeka, kwa hoja kwamba "ujauzito si ugonjwa". Ni kweli si ugonjwa, lakini ni kazi. Miezi mitatu ya kwanza homoni ya projesteroni inapanda na kuleta usingizi mzito. Baadaye damu mwilini inaongezeka kwa kama asilimia 40 hadi 50, na moyo unasukuma mzigo huo saa zote, hata mwenyewe akiwa ametulia kwenye kiti cha ofisi. Usiku nao umekatwakatwa na haja ndogo. Mtu wa namna hiyo akilala saa nne asubuhi hana cha kuomba radhi.

Sasa mto wenyewe. U ya kawaida ina urefu wa sentimita 130 hadi 145 na upana wa 75 hadi 80, na imejazwa faiba, ile pamba nyeupe ya plastiki. Nyingi hufika zikiwa zimefyonzwa hewa na kubanwa kwenye mfuko mdogo. Ukiufungua utaona kitu bapa kama gunia tupu, na wengi hudhani wametapeliwa. Uache ukiwa wazi kwa siku moja hadi mbili, uukung'ute na kuufinyanga mara kadhaa. Faiba hurudi taratibu. Kwa sababu hiyo usisubiri kuufungua asubuhi ya siku uliyopanga kupumzika.

Kinachofanya umbo hili listahili ni kugeuka. Mjamzito wa miezi saba hulala ubavu mmoja kwa muda, nyonga inauma, anahitaji ubavu wa pili. Kwa mto wa kawaida kila kugeuka ni kuuhamisha mto juu ya tumbo gizani. Kwa U mkono mmoja uko mbele na mwingine nyuma. Unageuka tu, na ule uliokuwa mgongoni unakuwa wa kukumbatia. Mkono wa nyuma una kazi nyingine tena: unakuzuia kubingirika ukalala chali. Kuanzia wiki ya 28 inashauriwa kulala kwa ubavu, kwa kuwa ukilala chali mfuko wa uzazi unalalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Kushoto au kulia vyote vinafaa. Mwenye kiungulia hupata nafuu zaidi kushoto. Ukizinduka na kujikuta chali, geuka tu uendelee kulala.

Namna ya kuutumia ina makosa mawili ambayo karibu kila mtu huanza nayo. La kwanza ni kubana mto magotini peke yake. Goti likiinuliwa na kifundo cha mguu kikaachwa kinaning'inia, paja linajipinda kuelekea ndani na nyonga inavutwa. Ndiyo maana baadhi husema mto umewaongezea maumivu. Mkono wa mto upite kati ya miguu kuanzia gotini hadi kifundoni, mguu wa juu uwe umelala sambamba na kitanda. La pili ni kichwa. Sehemu ya juu ya U mara nyingi ni nene mno na shingo inapinda juu. Jilaze ubavu, mtu akutazame: pua, kidevu na kitovu viwe kwenye mstari mmoja. Kama kichwa kimeinuka, fungua zipu ya mfuko wa ndani, toa faiba viganja viwili vya mkono, ujaribu tena. Faiba uliyotoa itunze. Baada ya miezi michache sehemu za chini zitakuwa zimesinyaa na utazijazia.

Hapo ndipo pa kukagua dukani, iwe Kariakoo au kwa muuzaji wa mtandaoni. Uliza maswali mawili: foronya inavulika? Mfuko wa ndani una zipu? Mto ulioshonwa moja kwa moja, kitambaa na faiba pamoja, usinunue kwa bei yoyote. Mjamzito hutokwa na jasho jingi, na mto wa kilo mbili au zaidi ukilowa wote haukauki kwa siku moja, wakati wa masika ndiyo kabisa. Ukikauka nusu unaota ukungu na faiba inafanya mabonge. Ndani fua mara chache, ukamue kwa kukandamiza, usiusokote, na uuanike umelala juu ya kamba mbili au tatu. Ukiuning'iniza kwenye kamba moja faiba yote inashuka kwenye ncha.

Foronya zinazokuja na mito hii mara nyingi ni za kitambaa kama mahameli, laini mkononi dukani na mateso kitandani. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, U inakuzunguka pande zote mbili na hewa haipiti. Dawa yake ni doti moja ya kanga. Kila kanga ina kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo moja inauzunguka mkono mmoja wa mto na kubaki na ziada ya kukunjia. Fundi anaiunga upande mrefu na kuweka vifungo vya kamba kwenye ncha. Unabaki na mikono miwili ya pamba inayofuliwa kila baada ya siku mbili tatu, na foronya kubwa huigusi. Feni ielekezwe miguuni, upande ambao U iko wazi.

Kuhusu kitanda, hesabu ni rahisi. Nne kwa sita ina upana wa sentimita 122. Toa 80 za mto, inabaki 42, na hapo mwenza hana pa kulala. Lakini hata anayelala peke yake ana tatizo la chandarua. Mto unakisukuma hadi kinabana mwilini, na mbu huuma kupitia matundu pale ngozi inapogusa kitambaa. Au unakichomoa chini ya godoro, hasa kile cha duara kinachoning'inia kwenye ndoano moja. Malaria kwa mjamzito ni hatari kwake na kwa mtoto, kwa hiyo jambo hili lina uzito kuliko starehe ya mto wowote. Panga mto kwanza, ulale, kisha mtu achomeke chandarua chini ya godoro pande zote. Kwa kitanda cha tano kwa sita tumia chandarua cha sita kwa sita. Na usikiache kwa kuwa ni mchana: mbu wa dengu, ugonjwa uliosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huuma mchana.

Umbo la C ni nusu ya U: dogo, rahisi kuvuka usiku kwenda chooni, lakini lazima ulihamishe kila unapogeuka. Kabari ya sponji, ile ndogo ya kuweka chini ya tumbo, inasaidia tumbo lisivute mgongo. Isizidi sentimita 10 kwa unene, la sivyo inakusukuma nyuma. Fundi makochi ataikata kwenye mabaki ya godoro.

Mto wa fundi unastahili maneno zaidi, maana ndio utakaowafaa wengi. Nunua kitambaa cha pamba, kata sentimita 140 kwa 75, ushonwe kama bomba na zipu ndefu ubavuni. Faiba kilo moja na robo inatosha. Ukiujaza ukawa mgumu kama gogo hautakubali kubanwa na miguu. Huo unakaa mbele, kuanzia kifuani hadi kifundoni. Mgongoni weka mto wa kawaida uliokunjwa, au blanketi lililoviringishwa na kufungwa kwa kanga. Watu wa pwani watauliza kuhusu sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Sufi ni baridi kuliko faiba, lakini haifuliki, hulala bapa mapema na hutoa vumbi. Mwenye pumu aikwepe. Ukiitumia, anika mto juani kila wiki na uuchambue kwa vidole.

Mto wowote kati ya hii haufanyi kazi kama simu inalia. Siku ya kupumzika inaharibika mapema, kwa mambo ya karatasi. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, ilimradi kuna cheti cha daktari. Siku hizo hazikatwi kwenye 84 za likizo ya uzazi, wala kwenye 100 za aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wanaong'ang'ania kazini wakidhani wanatunza likizo ya uzazi wanajitesa bure. Sheria hiyo hiyo haikubali ujauzito uwe sababu ya kumwachisha mtu kazi. Kenya siku ni chache: Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa angalau 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, baada ya miezi miwili ya kazi.

Kinachokwamisha ni kwamba kadi ya kliniki inaonyesha ulihudhuria tu; haikupi ED, yaani hati ya daktari ya kuruhusiwa kutofika kazini. Mweleze daktari uchovu wako waziwazi, aandike ED yenye idadi ya siku, sahihi na muhuri, uipige picha kabla ya kuipeleka kwa afisa utumishi. Nenda siku hiyo hiyo au siku moja kabla, maana ED ya jana ni ngumu kuipata leo. Kisha jioni tuma ujumbe mmoja kazini: "Kesho sipo kwa ruhusa ya daktari. Mafaili ya wateja yako kwenye kabati la juu. La dharura mwone msimamizi wa zamu. Keshokutwa saa mbili nipo." Usieleze unavyojisikia na usiahidi kupatikana kwenye simu. Mama lishe au muuza duka hana wa kumpa ED. Kwake inafaa zaidi nusu siku, afungue saa nane mchana baada ya kulala asubuhi, badala ya kufunga mapema huku miguu imeshavimba.

Asubuhi hiyo kunywa chai, kula, jilaze kuanzia saa nne. Vidonge vya kuongeza damu usimeze na chai. Viachanishe kwa saa moja au mbili, kwa kuwa chai inazuia madini ya chuma kufyonzwa. Kila unapozinduka kaa, zungusha vifundo vya miguu, tembea hadi uani na kurudi, kwa sababu kulala kutwa bila kusogea kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kuinuka nako kuna namna yake: kunja magoti, geuka mabega na nyonga kwa pamoja, shusha miguu, jisukume kwa mikono. Baada ya saa kumi jioni usilale tena, utauharibu usiku.

Uchovu usioisha baada ya siku kama hiyo, wenye moyo kwenda mbio, pumzi kukata ukipanda ngazi au viganja vilivyopauka, ni wa kupimwa damu. Kiwango cha hemoglobini, yaani wingi wa damu, kikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu wa damu. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, kutokwa damu au maji, au mtoto kupunguza kucheza, hayo hayasubiri usingizi: ni hospitali saa hiyo hiyo.

Baada ya kujifungua mkono wa U huzungushwa kiunoni kunyonyeshea, na unaifanya kazi hiyo vizuri. Ila mtoto asiachwe amelala juu yake hata kidogo, kwa kuwa kichwa huzama kwenye faiba na pua kuzibwa. Akimaliza kunyonya, mto uondoke kitandani.