Kikokotoo cha HoldemResources: bei ya kumkubalia mwenye chipu chache

Mchezaji wa mashindano ya poka anayetaka kujua lini amkubalie (yaani alipie dau lake na kushindana naye) mpinzani aliyebakiwa na chipu chache akaziweka zote mezani atasaidika sana na kikokotoo cha HoldemResources, ambacho toleo lake la mtandaoni hutumika bila malipo. Unaingiza chipu za kila mchezaji, madau ya lazima na mgawanyo wa zawadi, nacho kinakuonyesha karata za kuingia nazo na za kutupa. Hakina madoido, na sidhani kama kinayahitaji.

Ubora wake ni kwamba hakichanganyi chipu na fedha. Hesabu yake ya ICM (Independent Chip Model), iliyotokana na kanuni ya mtakwimu Harville ya mwaka 1973 kuhusu mbio za farasi na kuingizwa katika poka na mwandishi wa vitabu vya poka Mason Malmuth mwaka 1987, hukadiria chipu zako zina thamani gani katika zawadi zilizosalia. Chukua meza iliyobaki na wachezaji wanne, zawadi zikiwa tatu za asilimia 50, 30 na 20. Ikiwa wote mna chipu sawa na mmoja akaweka zote, unahitaji uwezekano wa kushinda wa takriban asilimia 65 ili kumkubalia, kwa sababu ukishinda, fungu lako la zawadi la asilimia 25 litapanda hadi 38 tu, wala si 50. Sasa jipe chipu 4,000, mpinzani 1,000, na wale wawili 2,500 kila mmoja: kiwango kinashuka hadi takriban 53. Hapo nimeweka kando madau ya lazima. Ukiwa umeshatoa dau kubwa la lazima, kinashuka zaidi. Ndiyo maana mwenye chipu nyingi anaweza kumkubalia mnyonge kwa karata ambazo angezitupa mbele ya mtu aliye sawa naye.

Udhaifu upo kwa mpinzani anayedhaniwa. Kikokotoo hukisia kwamba mwenye chipu chache anacheza kwa usahihi, ilhali wengi huketi wakisubiri ree hadi madau yawamalize. Kwa mtu wa namna hiyo, karata ambayo kikokotoo kinaikubali kwa shida ni afadhali uitupe. Tena ICM haioni ni nani atakayetoa dau kubwa mkono unaofuata, jambo linalomwelemea sana aliyebakiwa na chipu za kutosha madau makubwa matatu au manne tu.

Kwa mashindano ya meza moja ninakipendekeza bila kusita. Katika yale ya meza nyingi, zawadi zikiwa bado mbali, hesabu ya kawaida ya chipu inatosha. Kitumie baada ya mchezo, unapopitia mikono uliyocheza, kwani tovuti nyingi za poka hukataza msaada wa aina hii wakati karata zinagawiwa.