Stika za njia ya almasi California: uzoefu wangu wa kuzibandika na kuzibandua kwenye gari la umeme

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Stika hizi ndizo jimbo la California lilizotoa kwa magari ya umeme, ili dereva aliye peke yake aruhusiwe kupita njia ya abiria wengi. Stika zenyewe nazipa nyota nne kwa gundi na nyota mbili kwa sura. Filamu angavu, yaani karatasi ya plastiki inayobandikwa kwenye rangi kabla ya stika, naipa tano bila kusita. Aliyeziweka juu ya filamu atazitoa kwa robo saa. Aliyezibandika moja kwa moja kwenye rangi, ajiandae kupoteza nusu siku ya Jumamosi.

Nalileta suala hili sasa kwa sababu mpango wa stika hizo umekwisha. Ruhusa ya serikali kuu ya Marekani iliyoyaachia majimbo yaruhusu gari la umeme lenye dereva peke yake kupita njia ya abiria wengi, ile iliyochorwa alama ya almasi chini, iliisha tarehe 30 Septemba 2025. Jimbo la California lilikuwa tayari limepitisha sheria ya kuendelea hadi mwanzoni mwa 2027, lakini bila ruhusa ya Washington sheria hiyo haina miguu. Kulikuwa na muda wa kuzoea wa siku 60, nao umepita. Leo ukiwa peke yako kwenye njia hiyo katika saa zake za matumizi, rangi ya stika haitakuokoa. Vibao vya pembeni vinataja faini ya kuanzia dola 490, na vinamaanisha.

Kwa hiyo magari mengi bado yana stika nne zisizo na kazi, na wengi wanaanza kuzikwangua kwa wembe. Tafadhali, wembe uacheni bafuni.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Ombi lilipitia DMV, idara ya jimbo ya kusajili magari, kwa fomu ya REG 1000, ukalipa ada, bahasha ikaja kwa posta. Ndani yake kulikuwa na seti: mbili kubwa na mbili ndogo, zote na namba moja iliyofungwa na gari hilohilo. Kubwa zilikwenda ubavuni nyuma ya tairi za nyuma, kushoto na kulia, na ndogo kwenye bampa, mbele na nyuma. Rangi ilibadilika kila mwaka ili askari ajue kwa jicho kama muda wako umeisha: nyekundu za 2018 zilikufa tarehe 1 Januari 2022, zambarau za 2019 zikafuata mwaka mmoja baadaye, kisha chungwa za 2020, kisha bluu za 2021. Stika hazikuhama na mwenye gari. Ukiuza gari, zinakwenda nalo.

Kila mtu huuliza kuhusu sumaku. Wazo ni kubandika stika kwenye bamba la sumaku, uliweke gari likitoka na ulitoe likirudi. Halifai, hata ukiacha kwamba masharti yalitaka stika ibandikwe kwenye gari lenyewe. Bampa za magari ya siku hizi ni plastiki, sumaku haina pa kushika. Bodi ya Tesla Model S ni alumini. Paneli za nje za BMW i3 ni plastiki mwanzo hadi mwisho. Na hata pale penye chuma, mchanga huingia chini ya bamba na kusaga rangi kila gari linapotetemeka. Ukilitoa utakuta mstatili uliochubuka, mbaya kuliko alama yoyote ya gundi.

Sasa ubandikaji. Nautaja kwa kirefu kwa sababu njia ni ileile kwa stika yoyote ya kukaa miaka: kibali cha maegesho ya nyumba mnayopanga, namba ya gari la kampuni, hata tangazo la biashara ubavuni.

Maandalizi ndiyo theluthi mbili za kazi. Osha kwa sabuni ya gari, kausha, kisha pitisha kidole taratibu pale stika itakapokaa. Ukihisi vipele, hiyo ni lami au utomvu wa miti. Tumia udongo laini wa kusafishia rangi pamoja na maji ya sabuni mpaka kidole kiteleze bila kukwama. Malizia kwa spiriti ya asilimia 70 kwenye kitambaa safi cha maikrofaiba, futa, geuza upande mkavu, futa tena kabla haijakauka yenyewe. Spiriti ikiachwa ikauke yenyewe hurudisha mafuta palepale yalipokuwa.

Kuna hali tatu ambazo spiriti pekee haitoshi. Ya kwanza ni nta iliyopakwa hivi karibuni. Futa mara mbili, na ukimwagia maji kidogo yakaviringika kama shanga, bado ipo. Ya pili ni seramiki, ile dawa ngumu ya kulinda rangi. Hii haitoki kwa spiriti hata kidogo, maana kazi yake ni kukataa kushikwa. Piga polishi nyepesi sehemu ile tu, sentimita mbili zaidi ya ukubwa wa stika. Ya tatu ni rangi mpya iliyopigwa gereji. Rangi hiyo hutoa hewa ya kiyeyusho kwa wiki kadhaa. Ukiifunika mapema utapata malengelenge, na siku ya kubandua rangi inaweza kufuata gundi. Subirini angalau mwezi mmoja, na muulize fundi aliyepiga alitumia rangi ya aina gani.

Sasa filamu. Mnazo chaguo mbili: filamu ya poliyurethani ya kulinda rangi, yenye unene wa takriban milimita 0.2, au vinili angavu ya kawaida iliyo nyembamba zaidi. Wauzaji watawasukumia ya kwanza kwa sababu ni ghali. Kwa kazi hii mimi nachagua vinili. Filamu nyingi za poliyurethani za siku hizi zina ngozi ya juu inayofukuza maji na uchafu, na ngozi hiyo hufukuza gundi ya stika pia. Baada ya joto la kiangazi kimoja pembe zinaanza kunyanyuka. Ikiwa gari tayari limevikwa filamu ya aina hiyo, hamna haja ya kuongeza nyingine. Futeni kwa spiriti, bandikeni, kisha kandamizeni kingo kwa dole gumba mkirudia siku mbili tatu za kwanza.

Kata kipande kiizidi stika kwa nusu sentimita kila upande. Zungusha pembe kwa kufuata ukingo wa sarafu, kwani pembe kali ndiyo hunyanyuka ya kwanza. Kwenye chupa ya kupulizia weka maji nusu lita na matone mawili au matatu ya shampuu ya watoto, basi. Shampuu ikizidi, gundi haishiki kabisa na utalaumu filamu bure. Lowesha gari, lowesha upande wa gundi, weka, sogeza mpaka ikae sawa, kisha sukuma maji nje kwa kipangusio cha plastiki kilichofungwa kitambaa, kuanzia katikati kwenda pembeni. Fanya kivulini, bodi ikiwa na uvuguvugu wa kawaida. Bodi iliyochomwa na jua la saa nane mchana inashika gundi kabla hujanyoosha. Asubuhi ya baridi kali inaiacha gundi ngumu kama ngozi ya maboga. Kisha liache gari siku nzima kabla ya kuweka stika. Maji yaliyobaki chini huonekana kama ukungu na huondoka yenyewe.

Stika yenyewe usiiloweshe. Ibandike kavu. Ishikize mahali pake kwa masking tepu juu, karatasi ya nyuma ikiwa bado ipo. Rudi nyuma hatua tatu, tazama kama imelala sawa na mstari wa bampa. Mstari wa ardhi utakudanganya. Ukiridhika, inua stika kama kifuniko, menya sentimita tatu za karatasi, bana, kisha endelea kuvuta karatasi kwa mkono mmoja huku mwingine ukipitisha kipangusio. Povu likibaki, usilitoboe katikati. Toboa ukingoni mwake kwa pini, upande wa mbali na unakosukuma, hewa itoke.

Pembe za bampa zina mikunjo miwili kwa pamoja, kushuka na kuzunguka, na stika bapa haiwezi kufuata yote mawili bila kukunjamana. Tafuteni eneo bapa zaidi hata kama haliko mnapotaka kwa macho. Epukeni vile vitufe vya duara vya sensa za kuegesha, na msirundike filamu juu ya filamu kwenye kona za bampa ya nyuma. Magari mengi yameficha huko rada inayotazama magari ya pembeni.

Kinachoharibika baada ya hapo ni kidogo na chanzo chake karibu kila mara ni kilekile: mashine ya kuoshea yenye mgandamizo ikielekezwa ukingoni. Mpuliza maji asimame sentimita 30 au zaidi, maji yapige uso, yasiingie kingo.

Tuje kwenye kubandua, ambako ndiko kilio kilipo sasa.

Ikiwa kuna filamu chini, usishughulike na stika kabisa. Pasha kwa draya ya nywele kwa dakika moja au mbili, ikitembea muda wote, mpaka sehemu iwe moto lakini kiganja kiweze kukaa. Inua kona ya filamu kwa kucha, kisha vuta polepole ukiirudisha nyuma juu yake yenyewe karibu kulala bapa. Usiivute kuelekea kwako. Mvuto wa kuja kwako ndio unaobeba rangi, hasa kwenye plastiki ya bampa, ambako rangi haishiki vizuri kama kwenye chuma. Filamu na stika vitatoka pamoja.

Bila filamu, subira. Stika iliyokaa miaka mitatu au minne juani imekauka, na hukatika vipande vya ukubwa wa kucha. Pasha eneo dogo, si stika nzima. Ingiza ukingo wa kadi ya plastiki ya zamani, au uzi wa kusafishia meno ukiuvuta kama msumeno kati ya stika na rangi. Ikipoa, pasha tena. Mashine ya upepo wa moto ya mafundi inafanya kazi haraka, lakini kwenye bampa sekunde chache za kusimama pamoja zinatosha kuivimbisha plastiki, na plastiki iliyovimba hairudi. Kwa asiye fundi, draya inatosha.

Gundi itakayobaki ni ya manjano na inanata. Loweka kitambaa kwa spiriti, kilaze juu ya gundi dakika tano, kisha sugua taratibu kwa kidole kilichofunikwa kitambaa. Gundi itaviringika yenyewe. Ikikaidi, tumia dawa ya kuondoa gundi iliyoandikwa kuwa ni salama kwa rangi ya gari, kisha osha kwa sabuni, maana dawa hizo huacha mafuta. Thina, asetoni na petroli visikaribie. Gurudumu la mpira la kufungwa kwenye drili linasaidia kwenye chuma kwa mwendo wa chini. Kwenye bampa silipendekezi, joto lake hujikusanya mahali pamoja kabla hujalihisi.

Mkishamaliza mtaona kivuli cha mstatili, ndani kunang'aa kuliko nje. Kivuli hicho ndiyo rangi ya asili. Iliyochakaa ni inayoizunguka. Polishi nyepesi ya mkono juu ya mpaka, mkienda mbali zaidi nje kuliko ndani, huufuta kwa kiasi kikubwa. Kwenye gari jekundu au jeusi lililolala juani miaka yote, baadhi ya kivuli kitabaki, na hapo mpiga polishi wa mashine anastahili pesa yake.

Kuziacha garini si kosa. Anayetaka ziendelee kukaa, zikae. Ila anayenunua gari lililotumika asikubali kulipa zaidi kwa sababu tangazo limetaja stika, na asidhani daraja au njia za kulipia bado zinampa nafuu ya gari lisilochafua hewa: barabara za kulipia za Los Angeles, kwenye I-10 na I-110, zilikuwa zikipunguza asilimia 15, na punguzo hilo lilitegemea mpango huohuo.

Kwa mnunuzi, stika bado zina faida moja. Seti kamili ni nne na namba yake ni moja. Ukiona mbili za ubavuni zipo, ya bampa ya nyuma haipo, na mahali pake hapana kivuli wala mabaki ya gundi, bampa hiyo huenda imebadilishwa au kupigwa rangi upya. Muulize muuzaji risiti ya gereji kabla hamjaanza kuzungumza bei.