TAHADHARI: Mitungi ya "Wagiriki wa kale" inayouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp

Wadau mlio Athens, na ninyi wa nyumbani mnaotumiwa picha: kuna tapeli anazunguka kwenye magrupu yetu akiuza mitungi ya udongo yenye michoro ya mashujaa, eti ina miaka 2,500, imetoka kaburini na mwenyewe ana shida ya haraka. Kiswahili chake safi, maneno matamu, anataka kianzio cha euro 300 kabla hujaushika mtungi. Ukilipa analeta kweli, ndiyo maana watu hawashtuki.

Mimi nipo kwenye karakana ya kutengeneza nakala za kuuzia watalii, mtaa wa Plaka hapa Athens. Mitungi miwili ililetwa kwetu na waliouziwa.

Wa kwanza una Achilles na Ajax, mashujaa wa hadithi za Kigiriki, wanacheza dadu. Kazi halisi ni ya Exekias, mchoraji wa mitungi wa kale, ya miaka ya 540 hadi 530 KK, iko Makumbusho ya Vatikani na ina urefu wa karibu sentimita 61. Mbele ya midomo kumeandikwa namba walizopata: Achilles nne, Ajax tatu. Wachoraji wengine wa kale waliirudia sana hadithi hiyo, ila kila mtu kwa mkono wake. Wa huyu jamaa una kila kitu vilevile mpaka saini ya Exekias, kwenye kamtungi ka kuweka maua.

Wa pili ndio ulionichekesha. Achilles anamuua Penthesilea, malkia wa Waamazon, wanawake wapiganaji wa hadithi hizo. Katika michoro ya aina hii, ya watu weusi juu ya udongo mwekundu, ngozi ya wanawake ilipakwa nyeupe. Ule wa Exekias ulioko British Museum uko hivyo. Hapa malkia ni mweusi tii sawa na anayemuua. Tena nywele na nakshi za nguo zimechorwa kwa brashi. Wale wa kale waliikwaruza mistari hiyo kwa ncha kali ndani ya weusi, kabla ya kuchoma, wekundu wa udongo ukaonekana.

Halafu weusi wenyewe. Haukuwa rangi ya kopo. Ni udongo uliochujwa mpaka ukawa laini mno, ukapakwa, kisha fundi akacheza na hewa ya tanuru: kwanza hewa inaingia, chombo chote kinakuwa chekundu, matundu yanazibwa, zinatiwa kuni mbichi, chote kinageuka cheusi, hewa inarudishwa, na palipopakwa panabaki peusi kwa sababu pameshajifunga, hewa haipenyi, na kwingine wekundu unarudi. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haiubandui weusi huo. Mitungi hii miwili ilichafua pamba mara moja. Lakini mtungi usiochafua pamba nao si lazima uwe wa kale, mafundi wa leo wanaoijua njia hiyo wapo.

Cheti cha maabara anachotoa tapeli huyo hakina picha ya mtungi wala hakionyeshi sampuli ilichukuliwa wapi. Hicho anaweza kukibandika hata kwenye chungu cha maharage.

Na tuseme ni wa kweli. Hapo ndipo hatari zaidi! Kwa sheria ya Ugiriki namba 4858 ya 2021, vitu vya kale vinavyochimbuliwa ni mali ya serikali, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa la jinai. Metropolitan Museum ya New York ilinunua mwaka 1972 chombo cha Euphronios, mchoraji mwingine wa kale, chenye kifo cha shujaa Sarpedon, kwa takriban dola milioni moja. Kilikuwa kimechimbwa kwa magendo Italia, na mwaka 2008 kikarudishwa huko. Wao walikuwa na mawakili, wewe una nani?

Mliokwisha kulipa, msifute meseji wala risiti za kutuma hela, nendeni navyo polisi. Mtungi msimuuzie mwingine. Anayetaka pambo la sebuleni anunue nakala dukani, adai risiti iliyoandikwa kuwa ni nakala, maana uwanja wa ndege wanaweza kuiulizia.