Mwezi mzima na ma-DJ wa filamu: uzoefu wangu

Nimepiga muziki kwenye harusi za Dar miaka kumi na moja, na sijaona bado filamu inayomwonyesha DJ kapiga magoti nyuma ya jukwaa akitafuta soketi. Kwaresima ilipotukaushia harusi nikalipia mwezi mmoja wa huduma ya filamu mtandaoni, nikaangalia zenye ma-DJ tu.

Nilianza na Good Morning, Vietnam ya 1987. Robin Williams ni mtangazaji wa redio ya jeshi la Marekani pale Saigon, mwaka 1965, na mdomo wake haupumziki. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Lakini sikio la kazi halilali: jamaa anaweka What a Wonderful World ya Louis Armstrong, wimbo uliotoka 1967! Nilitaka kukasirika, ila pale mabomu yanapolipuka huku Armstrong anabembeleza, nikanyamaza.

The Warriors ya 1979 ina DJ ambaye uso wake huuoni. Ni midomo na maikrofoni, basi. Lynne Thigpen anayatumia salamu magenge ya New York, anapiga wimbo wa kwamba hakuna pa kukimbilia, na wote wanaelewa nani anasakwa usiku huo. Sisi tuliokulia kwenye kadi za salamu redioni hatuhitaji kufafanuliwa.

Iliyonishika ni Do the Right Thing ya 1989. Samuel L. Jackson, kwa jina la Mister Señor Love Daddy, ana studio yenye dirisha kubwa la kioo linalotazama mtaa wa Brooklyn, siku ya joto la kuua. Kila anayepita anamwona, kila ugomvi anausikia. Watu wakitukanana anaingilia hewani, anawaambia wapoe. Usiku polisi wanamuua kijana mmoja, Radio Raheem. Asubuhi DJ yuko kwenye kiti kilekile, anasema joto litaendelea, kisha anamtolea marehemu wimbo. Hapo nilibonyeza pozi. Mimi nimewahi kupiga harusi siku ya tatu baada ya kumzika kaka yangu. MC alijua. Wageni walicheza mpaka saa nane.

Za klabu nyingi zinachosha: DJ kijana, mkono juu, taa, dawa za kulevya. It's All Gone Pete Tong ya 2004 inaanza hivyohivyo kule Ibiza, halafu Frankie Wilde anapoteza usikivu. Anajifunza kazi upya kwa kutazama mawimbi ya sauti kwenye skrini na kuvaa kandambili zilizofungwa kwenye spika, mdundo umpande miguuni. Ni ya kuchekesha, lakini sikio langu la kushoto, ambalo hukaa upande wa spika kila Jumamosi, halikucheka. Linalia kama mbu tangu mwaka juzi.

Huduma yenyewe naipa nyota tatu. Picha ni safi, ila inatafuna bando vibaya, maandishi ya Kiswahili hakuna kwenye hata moja ya hizi nne, na nilipojitoa wakanikata tena pesa ya mwezi wa pili. Nimeandika kulalamika mara mbili.

Jumamosi baada ya Pasaka nilikuwa na harusi. Wakati maharusi wanaingia nilivua viatu nikakanyaga boksi la besi. Shangazi wa bwana harusi akaja kuniuliza kama naumwa.