Stanley au Norfolk: ulale wapi katikati ya Nairobi?

Ukiwa na shughuli za mjini, lala Stanley. Iko pale Kimathi Street inapokutana na Kenyatta Avenue; benki, maduka, hata Archives (jumba la nyaraka za taifa), vyote unavifikia kwa miguu. Hoteli ilianza 1902. Mgahawa wake, Thorn Tree, ulipata jina kutokana na mgunga uliokuwa uani. Wasafiri walibandika barua kwenye shina lake ili wenzao wazikute. Napenda sana kukaa hapo, kikombe cha chai mkononi, nikiutazama mji ukipita. Ila honi za matatu haziishi.

Norfolk, ya 1904, iko Harry Thuku Road, ikitazamana na Kenya National Theatre. Ina bustani na utulivu. Ukija na wazazi au watoto, wapeleke huko. Giza likiingia, chukueni teksi.